Sanduku Namba Nne

Watu wanaodhani mkutubi ni mtu wa kunong'ona hawakumjua wa kwetu. Ndani ya maktaba, sawa, alikuwa mkali wa kimya. Ukikohoa mara mbili anakutazama, ukikohoa mara ya tatu anakuonyesha mlango. Lakini tukishatoka getini, mimi kwenye usukani na yeye pembeni, vitabu vikigongana nyuma, mama yule alikuwa na sauti ya mnadi ng'ombe. Tukifika penye gulio alishuka, akapanda juu ya kreti la soda, akainua kitabu na kupaza sauti mpaka wauza mitumba wa upande wa pili wageuke: "Hiki hakiuzwi! Hiki kinaazimwa! Njooni muone kitu kisichouzwa!" Ilikuwa enzi ambayo kila kitu kilikuwa kinauzwa, kuanzia viwanda mpaka vibanda, na maneno yale yaliwasimamisha watu kweli kweli. Wengine walikuja kuangalia kama ana akili timamu, wakaondoka na kitabu.

Sitamtaja jina. Kuanzia Ilemela mpaka ng'ambo ya Busisi aliitwa Mkutubi, na mimi niliitwa Dereva wa Mkutubi, nami sikuona ubaya. Wala sitasema alizaliwa wapi na nani. Nilimwuliza siku moja tukipita Usagara, akaniambia niangalie barabara.

Nilimwendesha miaka tisa katika Landrova ya maktaba, gari kuukuu lililokuwa na milango miwili nyuma na tabia ya kuzima kila linapoona kilima. Kazi yetu ilikuwa masanduku saba ya mbao, yaliyopakwa rangi ya kijani na kuandikwa namba kwa rangi nyeupe. Kila sanduku lilikaa katika kituo chake kwa mtu wa kulitunza: moja kwa fundi baiskeli, moja kwa mkunga, moja kwenye mwalo wa wavuvi kule Ilemela, na kadhalika. Masanduku hayakuhama. Tulipita kila wiki tukatoa vitabu vilivyokwisha kusomwa, tukaweka vingine, tukasonga mbele. Mkubwa mmoja wa ofisini aliwahi kumwambia kwamba maktaba ni jengo, na mwenye haja ya kusoma aje kwenye jengo. Mkutubi akamjibu, "Tumeambiwa siku hizi kila kitu ni huria. Basi na vitabu navyo viwe huria, vitoke nje." Mkubwa alicheka, akarudi kwenye mafaili yake.

Namba nne lilikuwa Busisi, hatua chache kutoka feri inapotia nanga, ndani ya banda la wanawake waanika dagaa. Vitabu vya namba nne vilinuka dagaa. Hakuna lugha ya adabu ya kulisema hilo. Vilinuka vikiwa kule, vilinuka ndani ya gari, na viliporudi mjini vilinukisha rafu nzima. Wasomaji wa mjini walileta malalamiko, vitambaa wameshika puani. Mkutubi mwenyewe hakuwa akila samaki wa aina yoyote, alisema harufu yake inampanda kichwani. Lakini malalamiko yale hakuyapa nafasi hata dakika moja. "Kitabu ambacho hakinuki chochote," aliwaambia, "hicho hakijakwenda popote."

Alikuwa mtu wa sheria, tena sheria ngumu. Mwalimu mmoja aliyechana ukurasa aliambiwa auandike upya kwa mkono, akakaa barazani kwetu asubuhi mbili anaandika huku wanafunzi wake wakipita na kumwamkia. Mzee mmoja wa Misungwi alileta kitabu nusu akisema mbuzi amekula. Mkutubi akataka kumwona mbuzi. Tulikwenda, nikiendesha huku nacheka, tukamkuta mbuzi amefungwa mtini na kipande cha jalada bado kiko chini. Mkutubi alimwomba mzee radhi kwa magoti. Halafu akamwandikia kwenye kadi: *mbuzi athibitishwa*. Kadi ile ilikaa ofisini muda mrefu na kila mgeni alionyeshwa.

Na aliogopa maji. Mtu aliyevuka ziwa kila Alhamisi, aliogopa maji kuliko mtoto anavyoogopa sindano. Sheria ya feri ni abiria wote washuke garini, lakini yeye hakushuka, na mabaharia walishachoka kubishana naye. Alikaa ndani ya Landrova, macho ameyafumba, mikono miwili imeshika dashibodi.

"Tumefika?"

"Bado, Mama."

"Sasa je?"

"Ndiyo kwanza tumeondoka."

Siku moja nilimtania afumbue macho aone ziwa linavyopendeza. Alisema picha yake ataiona kwenye kitabu.

Upande wa Kigongo, tulipopandia feri, foleni ya magari ilikuwa ndefu, hasa magugu maji yalipoziba gati na feri ikashindwa kuegesha. Watu wengine huona foleni wakalala. Yeye aliona wasomaji waliofungiwa mahali pamoja. Akaanzisha utaratibu wake wa kuazima vitabu vya foleni. Unachukua Kigongo ukiwa unasubiri, unarudisha Busisi ukishavuka, kwa wanawake wa dagaa. Hakuna aliyeamini kwamba vitarudi. Vilirudi. Na siku moja feri ilikuja, magari yakaanza kupanda, na lori moja la ndizi lililokuwa mbele kabisa halikutikisika. Nyuma watu wanapiga honi na kutukana. Dereva wa lori akatoa mkono dirishani bila kuinua macho: "Piteni! Piteni bwana, zimebaki kurasa sita!" Akaiacha feri ikaondoka. Kisa kile Mkutubi alikipeleka katika kila kikao. Wakubwa wakianza kusema watu wetu hawana utamaduni wa kusoma, alisimama na kuuliza: "Nani kati yenu amewahi kuachia feri?"

Lakini kilichomponza hakikuwa sauti yake wala ubishi wake. Kilimponza kile kilichokuwa kizuri kuliko vyote alivyovifanya, nacho ni madole.

Nyuma ya kila kitabu alibandika karatasi. Aliyesoma anasaini. Aliyesomewa anaweka dole gumba. Pale Busisi wanawake walikuwa wengi na waliosoma bila kukwama walikuwa wawili watatu tu, basi mmoja aliketi kwenye ndoo iliyogeuzwa akasoma kwa sauti, wengine wakageuza dagaa juani na kusikiliza. Sura ikiisha wanabishana. Kitabu kikiisha, pedi ya wino inazungushwa, kila aliyesikia mwanzo hadi mwisho anabonyeza. Mimi mambo hayo hayakunihusu. Niliegesha Landrova kivulini, nikajifunika kofia usoni nikalala mpaka wamalize.

Wenzake ofisini walimwambia kitabu kimoja ni msomaji mmoja. Aliwaka. "Kanisani Injili anasoma padri. Hao wengine wote kwenye viti wamefuata nini? Aliyesikia ahesabiwe." Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo ilikuwa yake hasa. Aliisema kwenye vikao, aliisema kwenye barua, aliniambia mimi garini wakati sijauliza.

Siku zikaja ambapo ofisi zote zilikuwa zinapunguza watu, na kila idara ilitakiwa ijieleze inafanya nini. Makao makuu wakatuma Mkaguzi. Alikuwa bwana wa makamo, mpole, mwenye mkoba mgumu na viatu visivyo na vumbi. Alikaa ofisini kwetu siku mbili na vile vitabu vyenye madole, na siku ya pili akamwita Mkutubi. Mimi nilikuwa mlangoni na funguo za gari mkononi, sikuondoka.

"Mama," alisema, "katika kitabu hiki kimoja kuna madole arobaini na moja."

"Ndiyo."

"Mimi nimefanya kazi hii muda mrefu. Hakuna kijiji kinachosoma hivi. Haya ni madole ya mtu mmoja, amekaa mahali na pedi anabonyeza."

Hakumtaja mtu huyo na hakuwa na haja. Kama angeandika kwamba Mkutubi anaghushi, mama yule angefukuzwa kazi kwa aibu, na masanduku yote saba yangekwenda naye. Sisi watatu tulilijua hilo. Mkutubi alisogea karibu na meza. Halafu akainua mikono yote miwili na kuifungua mbele ya uso wa yule bwana.

"Nina madole gumba mawili, Bwana Mkaguzi. Yatazame vizuri. Kesho ni Alhamisi. Utapanda gari."

Akapanda. Kwenye feri Mkaguzi alishuka kama abiria wengine, akasimama kwenye ukingo akifurahia upepo. Mkutubi ndani, macho yamefumbwa, ananiuliza kama tumefika.

Wanawake walikuwa kazini tulipoingia. Mkaguzi alijitahidi asizibe pua, namshukuru kwa hilo. Salamu zilipokwisha Mkutubi hakuzunguka.

"Huyu bwana anasema ninyi hampo."

"Hatupo wapi, mayu?" aliuliza mmoja. *Mayu* ni mama kwa Kisukuma, na kule walimwita hivyo.

"Hampo popote. Anasema madole yenu niliyaweka mimi."

Walicheka kwanza. Halafu kicheko kikaisha, na bibi mmoja aliyekuwa mkubwa kuliko wote, magamba ya dagaa yamemganda mpaka viwikoni, akasema, "Kitabu ni kipi? Akifungue."

Mkaguzi hakuwa mjinga. Alichagua riwaya moja nene ambayo walishaisoma mara moja na sasa walikuwa wanairudia kwa sababu wanawake wapya walikuwa wamejiunga na banda. Ilikuwa habari ya mjane aliyetakiwa na shemeji yake atoke kwenye shamba la marehemu. Akafungua katikati, akasoma kwa sauti nzuri, na baada ya kurasa mbili akaruka kipande kwa makusudi.

"Umeruka," alisema mwanamke mmoja bila kuinua kichwa kwenye dagaa zake.

"Sijaruka."

"Umeruka, baba. Kabla shemeji hajafika na wale wazee, mjane anatoa kitanda nje, anakiweka katikati ya shamba, anakaa. Wewe umemfikisha shemeji wakati kitanda bado kiko ndani. Sasa huyo mjane amekaa juu ya nini?"

Banda zima lililipuka. Mkaguzi alijaribu mahali pengine, akanaswa tena. Akajaribu kwa kuuliza maswali, akajibiwa na watu watano kwa pamoja wakipingana wenyewe kwa wenyewe kama mjane alifanya vizuri au alijitafutia. Alipofunga kitabu yule bibi alikuwa ameshamnyooshea pedi ya wino.

"Na wewe weka."

"Mimi nimesoma, bibi, sikusomewa."

"Pale pa kitanda hukusoma. Umehadithiwa na huyu. Weka."

Aliweka. Alicheka mwenyewe wakati anabonyeza, na nikamwona Mkutubi anatazama pembeni ili asionekane uso. Kurudi, Mkaguzi alisimama tena kwenye ukingo wa feri, lakini safari hii alikuwa anafuta dole kwa leso, anafuta na kufuta.

Ripoti yake haikusema Mkutubi anaghushi. Nilimpenda kwa muda wa wiki tatu. Kisha barua ikaja. Ilisema imethibitika kwamba madole ni ya watu halali, lakini watu hao ni wasikilizaji, na wasikilizaji hawamo katika maana ya wasomaji, na kwa hiyo huduma ya nje ya jengo ina wasomaji wachache mno. Masanduku yote yarudishwe. Gari liuzwe. Chumba cha vitabu vya masanduku kingepangishwa kwa mfanyabiashara wa simu na faksi.

Mkutubi aliisoma amesimama, akaikunja mara nne.

"Afadhali wangesema naghushi," alisema. "Ningebishana nao. Hawa wametuamini, Dereva. Wametuamini kabisa, na bado wamekataa."

Tulizunguka kukusanya. Sipendi kuizungumzia wiki ile. Mkunga alitusaidia kubeba sanduku lake mpaka garini. Fundi baiskeli alikuwa amelipaka lake rangi upya, bila kujua kinachokuja, na mikono yetu ilitoka na kijani. Busisi ilikuwa ya mwisho.

Wanawake walikuwa wameshasikia. Namba nne lilikuwa limewekwa mlangoni, vitabu vimepangwa vizuri ndani, na juu kabisa ile riwaya ya mjane. Yule msomaji wao alikuwa ameugua malaria wiki mbili, wakabaki nyuma. Wale wa zamani walijua mwisho lakini walikuwa wameapa kutowaambia wapya.

"Chukueni, mayu," alisema bibi. "Si kosa lako. Ila hawa wenzetu wamefika sura ya kumi. Wamemwacha mjane amekaa kitandani katikati ya shamba, na hukumu ni kesho yake."

Mkutubi alisimama pale mlangoni. Feri ilipiga honi. Nikamwambia, "Mama, inaondoka." Alikuwa anaitazama ile riwaya juu ya vingine, na mimi nilijua kwamba yeye mwenyewe hakuwahi kuisoma. Hadithi hakuwa na muda nazo. Alisoma miongozo, alisoma sheria, alisoma barua za makao makuu. Hadithi alizibeba tu.

"Dereva," alisema, "namba nne limefungwa kamba?"

"Halijapakiwa bado, Mama."

"Sikukuuliza kama limepakiwa. Nimekuuliza kama limefungwa kamba."

Ilinichukua muda. Mimi si mtu mwepesi.

"Halijafungwa," nikasema.

"Basi litaanguka."

Tukapanda gari na masanduku sita. Hakuwaaga. Nilipotazama kwenye kioo cha pembeni, wanawake wawili walikuwa wanaliinua namba nne kulirudisha ndani. Tulipofika katikati ya maji Mkutubi, macho yamefumbwa, mikono dashibodini, akasema, "Limeanguka."

"Nimesikia," nikasema.

Mwanamke huyu, wasomaji wangu, hakuwa anasema uongo. Alipiga magoti kwa sababu ya mbuzi. Katika miaka yake yote ya kazi hakuwahi kupoteza kitabu hata kimoja, na alilisema hilo mara nyingi mpaka wenzake wakawa wanalimalizia kwa pamoja akianza. Na sasa ilibidi maelezo yaandikwe kwamba sanduku zima limezama. Ofisini nilichukua kalamu niandike kwamba kosa ni langu, kwa kuwa kufunga mizigo ni kazi ya dereva. Akanipokonya.

"Una watoto wanasoma," alisema. "Andika hivi: Mkutubi alisema atafunga mwenyewe."

Niliandika. Nikasaini. Nataka nilieleze hili bila kulipamba: nilikuwa mwoga. Orodha za watu wa kupunguzwa zilikuwa zinapita kila mwezi, na mimi niliandika kama alivyosema, haraka, kabla hajabadili mawazo. Walipomhoji waliuliza kama aliona sanduku likianguka. Akajibu hakuona, kwa sababu alikuwa amefumba macho. Watu wa feri wote waliitwa, na wote wakathibitisha kwamba mama yule huvuka akiwa amefumba macho. Katika maelezo yote yale, hapo peke yake palikuwa na ukweli mtupu.

Alipewa barua ya uzembe. Uzembe! Yeye! Na kwa kuwa alikuwa na barua ya uzembe, jina lake lilikuwa la kwanza kwenye orodha ya waliopunguzwa. Alikabidhi funguo, alikabidhi kadi, akatoka getini kwa miguu, na mimi nilikuwa nafuta vioo vya gari lililokwisha kupata mnunuzi.

Baadaye nilipata kazi ya kupeleka minofu ya sangara uwanja wa ndege. Kazi nzuri, gari jipya, barafu nyuma. Nilipita chini ya vilima vya Ilemela kila siku, na watu walishaniambia kwamba anaishi huko juu, kwenye nyumba ndogo kati ya mawe. Nilipita miaka miwili na zaidi bila kupanda. Ningesema sikuwa na nafasi, lakini nafasi nilikuwa nayo.

Nilipanda Jumapili moja mchana na sukari kilo mbili. Njia ni ya mawe matupu, nilifika napumua kwa shida. Alikuwa amekaa barazani, mwembamba kuliko nilivyomwacha, uso ameuelekeza ziwani. Nikashangaa kwamba sasa analitazama. Kisha nikaona kwamba halitazami. Presha ya macho ilikuwa imemaliza yote mawili.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Dereva. Bado unaburuta mguu wa klachi."

Nilikaa kwenye ngazi. Tuliulizana habari za nyumbani, watoto, mvua. Hotuba yangu nilikuwa nimeipanga njia nzima, nikaitoa yote kwa mkupuo mmoja: kwamba nitakwenda ofisini, nitaandika kwamba nilisaini uongo, kwamba sanduku halikuzama na hakukuwa na uzembe wowote, na jina lake lisafishwe.

"Usiuguse uzembe wangu," alisema.

"Mama—"

"Nimeufanyia kazi uzembe ule. Ukiandika hivyo watafanya nini? Watakwenda Busisi kulichukua sanduku. Niache nilivyo. Kwenye faili wacha niwe mzembe."

Sauti ilikuwa ile ile ya juu ya kreti la soda. Akaniambia namba nne lipo. Limehamishwa mabanda matatu, limewekewa bawaba mpya, na wanawake wanaokuja mjini kuuza dagaa hupita kwake kila mara na kitabu kimoja, wanamsomea kidogo kabla ya kwenda sokoni. Kisha akapapasa chini ya kiti, akatoa kitu kilichofungwa kwa karatasi ya mfuko wa saruji. Kabla hajakifungua nilishajua ni cha kituo gani. Pua yangu ilinijulisha.

"Ya mjane," alisema. "Sura kumi nimeshasomewa. Aliyekuwa ananisomea amekwenda kujifungua. Soma ya kumi na moja."

"Hujawahi kuisoma mpaka leo?"

"Ningeisoma lini? Nilikuwa nabeba. Soma."

Nikasoma. Sikuwa msomaji mzuri wa kupaza sauti, na kurasa zilikuwa zimegandamana kwa mafuta ya dagaa. Wazee walikusanyika shambani, shemeji akatoa maneno yake, mjane amekaa juu ya kitanda. Nikafunua ukurasa, nikaendelea.

"Umeruka," alisema Mkutubi.

"Sijaruka, Mama."

"Umeruka. Alikuwa amekaa kitandani. Sasa unamsoma amesimama. Nani kamsimamisha?"

Nilitazama. Kurasa mbili zilikuwa zimeshikana. Nilizitenganisha taratibu kwa ukucha, nikasoma palipofichika. Wazee walimwamuru mjane asimame kwa heshima ya baraza, akakataa. Wakamwamuru tena, akakataa. Ilipofika zamu yake ya kusema, na hakuna aliyemwambia kitu, akasimama.

"Kwa hiyo hakuna aliyemsimamisha," alisema Mkutubi.

"Amesimama mwenyewe."

Alicheka kwa muda mrefu, mikono imeshika mapaja. Nilisoma mpaka hukumu. Hukumu yenyewe sitaiandika hapa. Kitabu kiko Busisi, anayeitaka aende akasomewe.

Nilipofunga aliniambia niingie ndani, juu ya kabati kuna pedi ya wino. Nikaileta. Nikafungua nyuma ya kitabu. Karatasi zilikuwa nne sasa, moja imebandikwa juu ya nyingine, na madole yalikuwa yamejaa mpaka pembeni, mengine yamepandana. Nilitafuta la Mkaguzi. Nilijua lilikuwa karatasi ya kwanza, upande wa chini, lakini palikuwa na mengi pale na yote yalifanana.

"Silioni la yule bwana," nikasema.

"Limo. Amehesabiwa."

Nilimwelekeza mkono kwenye wino, kisha kwenye nafasi tupu. Alibonyeza dole lake kwa nguvu, akalizungusha kushoto na kulia kama alivyowafundisha wanawake wa Busisi. Kisha akaisukuma pedi kwangu.

"Na lako."

"Mimi najua kusaini, Mama."

"Najua unajua kusaini. Ulisaini kwamba namba nne limezama." Hakusema kwa ubaya. "Kila Alhamisi ulijifunika kofia ukajifanya umelala, na hata mvua ikinyesha kioo cha gari ulikiacha wazi. Ulidhani sioni? Nilikuwa na macho siku hizo. Ulisikia vyote. Weka dole."

Nikaweka.